Kushua mashua ndogo ya tanga inapoingia Demani

Kila mwisho wa Agosti, Demani inapoingia, maswali ni yale yale. Mashua imekaa juu tangu masika, kusi, upepo wa kusini, imeanza kulegea, mtu ana hamu ya bahari. Anaishua, yaani anaiingiza majini, alasiri, na jua likizama imeshajaa maji hadi kwenye mataruma, zile mbavu zake za ndani, naye anakuja anatweta: "Nimeuziwa mashua mbovu?" Mara nyingi si mbovu, imekauka. Ubao uliokaa miezi 4 au 5 juani husinyaa, na pale ubao unapokutana na mwenzake panaachana hadi ukikaa ndani mchana unaona mistari ya mwanga. Ubao huo ukinywa maji utavimba na kujifunga wenyewe. Kazi yako kubwa ni kuupa siku za kunywa, na siku hizo ndizo anayeanza asizotaka kuzitoa.

Ninayoyaeleza hapa ni ya mashua ya mbao ya mita 5 hadi 7, yenye tanga moja la pembetatu, inayopandishwa ufukweni kwa magogo, kama zilivyo nyingi Unguja, Pemba, Mafia na pwani ya Kenya. Mwenye ngalawa ya gogo la mwembe ataruka mambo ya kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba, lakini habari za maji kujaa na kupwa, tanga na safari ya kwanza zinamhusu vilevile. Mwenye boti ya faiba aanzie hatua ya 7 na airuke ya 8.

Kwa nini Demani? Kusi huwa kali zaidi Juni na Julai. Septemba hulegea, asubuhi bahari hutulia, na una wiki kadhaa za kuizoea mashua yako kabla kaskazi, upepo wa kaskazini, haijaingia. Anayeanza asishindane na kusi ya Julai.

Andaa kwanza

- Pamba ya kalafati, na mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya samaki) ya kuichovya
- Chembeu, yaani patasi ya kugongea pamba, na nyundo ya mbao. Nyundo ya chuma iache nyumbani
- Chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama) kwa ajili ya deheni, mpako wa chini ya mashua, au rangi ya chini ya boti ukipenda
- Magunia 6 ya katani na makuti ya kufunikia
- Magogo 5 au 6 yaliyonyooka, unene wa paja
- Gadi 4, yaani miti ya kuiegemeza mashua isilale ubavu
- Nanga na amari (kamba ya nanga) ndefu, walau mita 30
- Upo, chombo cha kufua maji, yaani kuyatoa mashuani, na ndoo ya akiba. Upo huvunjika siku unayouhitaji
- Kamba mpya ya henza, ya kupandishia tanga, na kamba mpya ya demani ya tanga, ya kulikaza na kulilegeza (si Demani ya msimu)
- Farumi, uzito wa kuituliza mashua: mchanga ndani ya viroba vidogo vya kubebeka na mtu mmoja
- Kasia 2 na upondo (mti wa kusukumia mashua)
- Jaketi okozi kwa kila atakayepanda, hata anayejua kuogelea
- Watu 8. Wanane ndio kiasi, na wapikie

Angalia pia kama usajili na leseni ya mashua havijapitwa na wakati. Visiwani shughuli hiyo iko kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, bara iko TASAC, shirika la uwakala wa meli Tanzania. Ni rahisi kuishughulikia mashua ikiwa juu kuliko kusimamishwa ukiwa na samaki wanaoharibika.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku kwa kuutazama mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Kati ya mabamvua ni maji mafu. Unguja, siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu hubaki mita 1 hivi.

Watu wengi husubiri siku ya bamvua lenyewe. Mimi nakwambia shua siku 2 kabla yake. Ukikwama, maji ya kesho yatakuja juu zaidi na kukunyanyua. Ukishua bamvua likiwa limeshapita, kila siku maji yanaishia chini zaidi, na ukikwama hapo utasubiri bamvua lingine. Mwaka mmoja nilishua siku ya tatu baada ya bamvua, kwa sababu ndiyo siku wasaidizi walikuwa na nafasi. Mashua ikakaa katikati ya ufukwe. Kesho yake maji yaliishia hatua sita chini ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua, keshokutwa hatua kumi. Ilikaa siku 10 juani, na pamba niliyoitia kwa wiki nzima ikaanza kuchungulia nje.

Kuna faida nyingine. Kwetu siku za bamvua maji hujaa saa 10 alasiri hivi na kupwa saa 4 asubuhi, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo siku 2 kabla ya bamvua maji yanakuwa yamepwa mnamo saa 2 na nusu asubuhi na kujaa mnamo saa 8 na nusu mchana. Unafanya kazi nzito asubuhi mchanga ukiwa mkavu, na bahari inakuja yenyewe baada ya chakula cha mchana.

2. Ikague ikiwa kavu. Anza siku 14 kabla. Chukua kisu chembamba upite nacho mkuku mzima, kisha ubao wa kwanza unaogusa mkuku, kisha fashini, mti wa nyuma mahali usukani unaponing'inia. Ubao mzima hukataa kisu. Ubao uliooza hukipokea kama unachoma boga. Gonga pia kwa ngumi: mzima unalia, uliooza unanyamaza. Vichwa vya misumari vyenye duara jeusi la kutu pembeni vitazame mara mbili. Ukikuta ubao umeoza chini ya maji, acha mwongozo huu na umwite fundi. Pamba haishiki kwenye ubao uliooza.

3. Piga moto chini, kama mashua haina rangi. Funza wa baharini hutoboa mbao kwa ndani na kwa nje huoni ila vitundu kama vya sindano. Wazee huwasha makuti makavu na kuupitisha mwali haraka chini ya mashua. Ubao upate joto tu, usiungue. Fanya asubuhi kabla upepo haujaamka, na ndoo 4 za maji ziwe pembeni. Kama imepakwa rangi ya mafuta, *usithubutu*: rangi itashika moto. Na moto ni kabla ya kalafati, kamwe si baada yake, maana pamba iliyochovywa mafuta ni utambi.

4. Tia kalafati, lakini kwa mkono mwepesi. Hapa ndipo mashua nyingi huharibiwa na wenyewe.

Toa kwanza pamba iliyochoka. Inayotoka kwa kuvutwa na vidole iondoe, iliyoshika iache. Safisha njia yake kwa chembeu mpaka uone ubao pande zote mbili. Kisha chukua pamba, iviringishe juu ya paja kwa kiganja mpaka iwe uzi unaolingana na nafasi unayoijaza, ichovye kwenye mafuta, ikamue. Isidondoshe. Iweke mahali pake kwa kidole, halafu igonge kwa chembeu, vipigo vifupi, ukisogea upana wa vidole viwili kila mara.

Sikiliza. Mwanzoni nyundo inalia butu, kama unagonga mto. Pamba ikikaa, sauti inabadilika, inakuwa kavu na juu kidogo. Hapo acha. Anayeanza huendelea kugonga kwa sababu bado anaona nafasi, anaongeza pamba, anagonga tena, na siku hiyo kazi inaonekana nzuri kweli. Ila mbao bado hazijavimba. Zikinywa maji zitahitaji nafasi ile, na zikikuta imejaa pamba ngumu kama jiwe zitasukumana mpaka misumari ing'oke kwenye taruma. Nimeona ubao wa pili kutoka chini umetoka nje kwa upana wa kidole, na mwenyewe hakuelewa kosa ni lipi, kwa sababu alifanya bidii kuliko wote.

Kanuni ninayoifuata: pamba ibaki chini kidogo ya uso wa ubao, na kijembe cha kisu kikipita juu kisiikwaruze.

Kwa sababu hiyo hiyo usijaze nafasi hizo kwa saruji, wala epoksi, wala gundi yoyote inayokauka ikawa ngumu. Mbao za mashua zinatembea. Kitu kigumu kikikaa katikati yake, ama kitapasuka, ama kitaupasua ubao.

5. Paka deheni. Yeyusha shahamu kwa moto mdogo, changanya na chokaa mpaka iwe uji mzito, paka kwa kitambaa ikiwa vuguvugu kuanzia mkuku hadi mahali maji yatakapofika mashua ikiwa na mzigo. Vaa glavu, chokaa inakula ngozi. Anayetumia rangi ya dukani afuate maelezo ya kopo na asipake ubao wenye unyevu.

6. Anza kuilowesha wiki moja kabla. Tandika magunia yaliyoloweshwa ndani, chini kabisa na pembeni, na uyamwagie maji asubuhi na jioni. Tumia maji ya bahari. Maji baridi ya kisima huleta uozo. Funika mashua kwa makuti ili jua lisiyanywe yale unayomwaga.

Hadhari: usiijaze maji kama pipa ikiwa bado juu. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na mashua iliyolala juu ya magogo haikuundwa kubeba tani hiyo kwa ndani. Maji yakifika kwenye kifundo cha mguu yanatosha.

7. Ishushe maji yakiwa yamepwa. Jana yake maji yakijaa, choma kijiti mahali yalipoishia. Leo lengo lako ni kuifikisha mashua yote chini ya kijiti hicho, hatua 10 hadi 15.

Ondoa kila kinachoondoka: mlingoti, usukani, farumi, nanga. Lakini nanga usiiache nyuma. Maji yakiwa yametoka, tembea nayo kwa miguu hadi kule unakotaka mashua ielekee, izike, kisha urudi na amari hadi omo, yaani mbele ya mashua. Alasiri mashua ikielea utaivuta kwa kamba hiyo taratibu, bila mtu kuingia maji ya kifuani.

Weka gogo la kwanza chini ya mkuku mbele, mengine mbele yake kila hatua 2. Watu 3 kila upande, mmoja nyuma ameshika kamba ya kuizuia, mmoja kazi yake ni kuokota gogo linalobaki nyuma na kulikimbiza mbele. Mtu mmoja tu atoe sauti. Mkiita "harambee" watu wawili kwa zamu mbili, mashua itakwenda upande. Wanaovuta waweke mikono kwenye taruma, siyo ukingo wa juu. Na mtu yeyote asikae mbele ya mashua inayoteremka, hata kwa kuisawazisha kidogo. Mguu ukiingia chini ya gogo hautoki mzima.

Ikifika, toa magogo, tia gadi 2 kila upande, funga amari. Kwetu dua husomwa hapa, ubani ukiwaka, kabla maji hayajagusa mkuku. Kisha watu wale.

8. Acha maji yaijie. Maji yatakuja, yatapita kati ya mbao, mashua itajaa. Usihangaike. Pakiwa shwari na mchanga ukiwa laini, iache ijae na ikae chini, umeweka viroba viwili vya farumi ndani isitangetange. Maji yakipwa, yatatoka yalikoingilia. Fanya hivyo kwa maji mawili au matatu, yaani siku moja na nusu hivi. Ni kazi ya kukaa kivulini na kutazama tu, lakini inafanya zaidi ya kilo nzima ya pamba.

Penye mawimbi mambo ni tofauti. Mashua iliyojaa maji ikipigwa na wimbi inajigonga chini mpaka mkuku ulegee. Hapo fua maji muda wote inapoelea, kwa zamu, usiku na mchana.

Kuanzia maji ya tatu anza kuifua na kuhesabu. Siku ya kwanza huenda ukafua kila nusu saa. Siku ya pili kila saa 3. Ukifika mahali unafua asubuhi na jioni tu, iko tayari. Hesabu hiyo iandike, kwa sababu msimu ukiendelea ndiyo itakayokuonya mapema kama kuna kitu kimebadilika.

9. Simamisha mlingoti, funga tanga. Tanga lilikuwa ndani ya nyumba, na panya wanalipenda. Likunjue lote, angalia pembe zote 3 na mshono wa pembeni, maana ndiko nguvu inakokwenda. Foromali, mti unaobeba tanga, mara nyingi ni miti miwili iliyofungwa pamoja. Vifundo vya maungio vikaze upya, usiviamini kwa sababu mwaka jana vilishika. Kapi la juu, linalopitisha henza, litie shahamu na ulizungushe kwa mkono *kabla* ya kusimamisha mlingoti. Kisha tweka na utue tanga mara 5 ukiwa umetia nanga, asubuhi pasipo upepo. Tanga linalokataa kupanda ni usumbufu. Linalokataa kushuka linaua.

10. Panga farumi. Weka katikati, nyuma kidogo ya mlingoti, na uvibane viroba visitembee. Kiroba kinachoteremka upande wa chini mashua inapolala ndicho kinachoipindua.

11. Safari ya kwanza. Tazama kwanza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi. Kisha toka asubuhi, ndani ya mwamba, maji yakiwa yanajaa. Ukipata tatizo, maji yanakurudisha nchi kavu badala ya kukutoa. Nenda watu 3: wa usukani, wa demani, wa kufua maji.

Anza kwa kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, kuelekea kusini, kule upepo unakotoka. Ukichoka au kitu kikikatika, upepo uleule utakurudisha nyumbani. Wanaoanza hufurahia kukimbia na upepo saa nzima, halafu hugundua kwamba kurudi ni saa 4 za kubisha na hawajui kubisha.

Walio pwani ya magharibi ya Unguja wasikilize zaidi. Huko kusi inatokea nchi kavu. Ukiwa ufukweni maji yametulia kama ya birika, minazi imekukinga. Kadiri unavyosogea nje upepo unaongezeka na unakusukuma kwenye mkondo kati ya Unguja na bara. Usipime upepo kwa maji yaliyo mbele ya miguu yako. Tazama mbali, penye povu jeupe. Wa mashariki, Jambiani na Paje, upepo unawasukumia ufukweni, hatari yao ni mwamba na matumbawe.

Demani ya tanga usiifunge kwa fundo. Ishike mkononi, au ipige mzunguko mmoja tu, ili ukija upepo wa ghafla uiachie kwa kufungua vidole.

Ikileta matatizo

*Siku 4 zimepita na bado inavuja sana.* Ipweleze, yaani iache ikae mchangani, maji yakipwa, ikiwa na maji ndani, kisha zunguka nje. Panapodondosha ndipo. Weka alama kwa mkaa, kausha, tia pamba pale tu. Usirudie mashua nzima.

*Ikiwa nangani haivuji, nikitweka tanga inavuja.* Mbao za juu bado kavu. Mashua inapolala ubavu zinaingia majini kwa mara ya kwanza. Zimwagie ndoo za maji ya bahari asubuhi na jioni kwa siku 3. Kama haikupona, kagua chini ya mlingoti: huenda unacheza na kuzitikisa mbao.

*Usukani mzito, mashua inataka kugeukia upepo muda wote.* Omo imezama kupita kiasi. Rudisha farumi nyuma, kiroba kimoja kimoja, au mwambie aliyekaa mbele arudi tezi, yaani nyuma.

*Haibishi, inateleza kwa ubavu.* Ni nyepesi mno, inaelea juu ya maji kama kifuu. Ongeza farumi. Angalia pia kama si mkondo tu: linganisha kwa macho mnazi mmoja wa nchi kavu na kilima kilicho nyuma yake, utajua unasukumwa na nini.

*Tanga limekwama juu.* Usipande mlingoti, utaipindua mashua. Achia demani, elekeza omo kwenye upepo, vuta henza juu kidogo kisha iachie ghafla. Tanga lisiposhuka, kata henza. Kamba ni ya kununua.

*Imekwama mchangani nusu njia.* Usiivute kwa mlingoti wala kwa usukani. Chimba mfereji kuuzunguka mkuku, rudisha gadi, ifunike makuti, imwagie maji kila baada ya saa chache, na usubiri maji ya usiku. Kwetu maji ya usiku nayo hujaa, hata kama hakuna anayeyatazama.

*Ubao mmoja umeanza kutoka nje.* Kalafati ilikazwa mno. Usiupigilie misumari mipya, utaupasua. Ipandishe, toa pamba juu na chini ya ubao huo, na umngoje fundi.